Tohara ya mwanaume na maumivu ya mwenza wakati wa tendo la ndoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika maeneo ambayo zamani wanaume wengi hawakuwa wakitahiriwa, kama Iringa, Njombe, Tabora, Shinyanga na Kagera kwa Tanzania, na Nyanza kwa Kenya, mamilioni ya wanaume wametahiriwa hospitalini tangu huduma ya bure ilipoanza kati ya 2008 na 2010. Wengi wao walikuwa watu wazima wenye wake tayari. Kwa hiyo mke akianza kuumia, jambo la kwanza linalotajwa nyumbani ni tohara ya mume. Wapo pia wanaouliza kinyume chake: mume ana govi, mke anaumia, je akitahiriwa yataisha? Majibu haya ni kwa ajili ya wote hao.

Mume wangu alitahiriwa akiwa mtu mzima. Tangu turudi kwenye tendo naumia. Ni tohara?

Inawezekana, lakini si mara nyingi. Na inapokuwa hivyo, tatizo huwa ni mambo yanayoizunguka tohara kuliko tohara yenyewe: mmerudiana kabla kidonda hakijapona, kovu bado ni gumu, au mmekaa wiki nyingi bila kukutana na siku ya kwanza mkaanza kwa haraka bila maandalizi.

Kabla ya kuilaumu tohara, kaa chini ujiulize mambo machache. Je, kabla hajatahiriwa hukuwahi kuumia kabisa, au uliumia ukanyamaza? Katika miezi hiyohiyo umejifungua, umeanza sindano ya uzazi wa mpango, umepata uchafu usio wa kawaida ukeni, au hedhi imebadilika? Maumivu yako mlangoni au tumboni? Mara nyingi mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja, na lile linaloonekana kwa macho, yaani tohara, ndilo linalobebeshwa lawama. Ushauri wangu ni kwamba usiitie tohara hatiani mpaka wewe mwenyewe umepimwa.

Tohara inabadilisha nini hasa kwenye uume?

Inaondoa govi, ile ngozi inayofunika kichwa cha uume. Kichwa kinabaki wazi muda wote na ngozi yake hukakamaa kidogo kwa kuguswa na nguo. Urefu na unene wa uume haubadiliki. Chini ya kichwa hubaki mstari wa kovu, ambao baada ya miezi kadhaa huwa laini, na kwa wengi hauonekani sana.

Tusubiri muda gani baada ya tohara?

Wiki sita kamili, bila tendo wala kupiga punyeto. Nyuzi zinazotumika huyeyuka zenyewe ndani ya wiki chache, na juu juu kidonda huonekana kimekauka mapema, wengine ndani ya wiki tatu tu. Hapo ndipo watu hudanganyika. Ngozi ya ndani bado haijashikana, na uume ukisimama na kusuguliwa, kidonda hufunguka. Mume huumia na kutokwa damu, na mke naye hukwaruzwa na magamba ya kidonda au vipande vya uzi ambavyo havijadondoka.

Kuna jambo zito zaidi. Kidonda kibichi ni njia ya Virusi vya UKIMWI kwa pande zote mbili. Utafiti uliofanyika Rakai, Uganda, kwa wanaume wanaoishi na VVU uliashiria kuwa wake wa waliorudi kwenye tendo kabla ya kupona walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Kwa hiyo yale mahudhurio ya kurudi kliniki, saa 48 baada ya upasuaji, siku ya saba na wiki ya sita, yasipuuzwe. Lile la wiki ya sita ndilo la kuuliza, "Je, sasa ninaweza kurudi kwa mke wangu?" Na ingekuwa vizuri mke awepo aisikie ile "ndiyo" au "bado" mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayeshinikizwa nyumbani.

Kovu la mume linaweza kuniumiza hata baada ya kupona?

Kwa wachache, ndiyo. Wapo wanaoota kovu lililonyanyuka na kuwa gumu, wengine hubaki na vinundu mahali nyuzi zilipopita, au daraja la ngozi linalounganisha kichwa na shina. Kovu gumu la namna hiyo linaweza kumkwaruza mwanamke mlangoni mwa uke, hasa akiwa mkavu. Mara chache ngozi hukatwa kupita kiasi, na uume ukisimama hubana na kujikunja. Hapo anayeumia zaidi ni mwanaume, naye akiumia hubadilisha mkao na kusukuma vibaya.

Mwangalieni pamoja mchana, kwenye mwanga. Mkiona uvimbe, kidonda kisichofunga au ngozi inayovuta, arudi alikotahiriwa. Matatizo haya yanarekebishika.

Nimesikia kwamba govi lina kazi ya kulainisha, na kwamba wake wa waliotahiriwa huumia zaidi. Ni kweli?

Hoja yenyewe ina mantiki yake. Govi huteleza juu ya uume, kwa hiyo sehemu ya mwendo hufanyika ndani ya ngozi yake badala ya kusugua mlango wa uke. Likiondolewa, ngozi ya uume husugua moja kwa moja. Mwanamke mwenye ute wa kutosha anaweza asihisi tofauti yoyote. Aliye mkavu anaweza kuihisi.

Tafiti hazisemi kwa sauti moja. Utafiti wa Denmark uliotolewa 2011 ulikuta wake wa waliotahiriwa wakilalamikia maumivu zaidi kuliko wenzao, lakini katika nchi ile wanaume waliotahiriwa ni wachache sana, kwa hiyo hesabu yake imesimama juu ya watu wachache. Karibu na kwetu, Rakai, wanawake zaidi ya 400 ambao waume zao walitahiriwa wakiwa tayari wanaishi nao waliulizwa walivyoona kabla na baada. Kwa matokeo yaliyotolewa 2009, asilimia 39.8 walisema wanaridhika zaidi, asilimia 57.3 hawakuona tofauti, na asilimia 2.9 walisema kuridhika kwao kumepungua. Swali la Rakai lilihusu kuridhika kwa jumla, si maumivu peke yake, lakini walioulizwa walikuwa na kitu ambacho wake wa Denmark wengi hawana: wameishi na mwanaume yuleyule kabla na baada ya kutahiriwa.

Ninachokichukua hapo ni kwamba tohara huwasumbua wanawake wachache, na hao wachache wanastahili kusikilizwa bila kuambiwa wanajisingizia. Kwao, jambo la kwanza kushughulikia ni ukavu.

Sasa ukavu unatoka wapi?

Hapa pana mengi. Ute wa uke hautoki kwa amri. Damu lazima ijae kwenye via vya uzazi kwanza, na kwa wanawake wengi hilo huchukua dakika nyingi za kushikwashikwa, maneno na utulivu. Mume akiingia kabla ya hapo atakuta pamekauka, awe ametahiriwa au hajatahiriwa. Watu wa Kagera wana katerero, ambamo uume hutumika kwanza nje, kwenye kinembe na mashavu ya uke, mpaka mwanamke alowe ndipo mengine yafuate. Ndani ya desturi hiyo kuna elimu ya maumbile ambayo vijana wengi leo hawakufundishwa na mtu.

Kisha kuna hali za mwili. Mama anayenyonyesha ana estrojeni kidogo, yaani homoni ya kike inayolainisha uke, na ukavu unaweza kudumu muda wote anaponyonyesha sana. Mwanamke anayekaribia kukoma hedhi au aliyekwisha koma, ngozi ya uke wake huwa nyembamba na kavu; hii isichukuliwe kuwa ni uzee wa kuvumilia, kwa sababu ipo krimu ya estrojeni inayopakwa ukeni ambayo daktari anaweza kuiandika. Baadhi ya wanawake hukauka wakiwa kwenye njia za uzazi wa mpango zenye homoni. Wakiona hivyo warudi kliniki kubadilishiwa, wasiache kimyakimya. Dawa za mafua na mzio zinazokausha pua huweza kukausha na uke.

Na kuna ukavu wa kujitakia, ambao lazima niuseme wazi. Shabu, ugoro, maji ya ndimu, sabuni ya unga, majani yaliyotwangwa, vidonge vya mitishamba vinavyotangazwa mitandaoni kuwa "vinabana na kusafisha kizazi": vyote hivi huunguza ngozi laini ya uke na kuua bakteria wazuri wanaoilinda. Makungwi na masomo, yaani wanawake wanaowafunda mabinti, wana mengi mema ya kumfundisha binti, lakini fundisho la kwamba mwanamke mkavu ndiye mtamu limewaumiza wanawake wengi na kuwachubua mahali ambapo maambukizi hupenyea. Uke hujisafisha wenyewe. Nje osha kwa maji, ndani usitie kitu.

Tutumie nini kulainisha?

Kilainishi cha maji kutoka duka la dawa. Mkiomba K-Y mhudumu atawaelewa, na kuna aina nyingine. Kipakwe kwenye uume na kwenye mlango wa uke pia, na kiongezwe kikikauka. Mafuta ya nazi yanafaa kwa wengine ambao hawatumii kondomu, lakini mafuta ya aina yoyote, yakiwemo ya nazi, Vaseline na losheni, huharibu mpira wa kondomu mpaka upasuke. Mate hukauka upesi na yanaweza kupitisha vijidudu.

Wanaume wengine hukasirika wakiona mke amenunua kilainishi, wakidhani ni kuambiwa kwamba hawajui kazi. Baba, hilo si tusi. Mke anayetafuta njia ya kukutana nawe bila kuumia bado anakutaka.

Nitajuaje chanzo cha maumivu yangu?

Anza na mahali. Mhudumu mzuri atakuuliza, kwa hiyo nenda ukiwa na jibu.

Yakiwa mlangoni, mara tu uume unapogusa au kuingia, fikiria ukavu, fangasi, vidonda vya herpesi, mshono wa uzazi, ukeketaji, misuli inayojikaza, au mzio wa mpira wa kondomu na sabuni zenye manukato. Yakiwa ndani, akisukuma kwa kina, fikiria maambukizi ya kizazi na mirija, uvimbe wa kizazi, uvimbe kwenye vifuko vya mayai, endometriosi, au hata choo kigumu cha siku nyingi. Yakiwa ya kuchoma unapokojoa baada ya tendo, pima mkojo.

Endometriosi iseme kwa jina unapofika kwa daktari. Ni tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwanamke mmoja kati ya kumi wa umri wa kuzaa anayo. Kama hedhi yako ni ya kulala chini na kushindwa kwenda kazini, na tendo linauma kwa ndani, usikubali kuambiwa "ni chango tu, ukizaa litaisha."

Nina muwasho na uchafu mweupe. Mume ametahiriwa, anasema hawezi kuwa na fangasi.

Tohara hupunguza baadhi ya maambukizi, haimfanyi mtu asipate chochote. Majaribio ya Rakai yalionyesha kuwa wake wa waliotahiriwa walipata trikomonasi, ambayo ni ugonjwa wa zinaa, na mvurugiko wa bakteria wa ukeni kwa kiwango kidogo zaidi, na hilo ni jambo jema kwa mwanamke. Lakini kisonono, klamidia na kaswende huingia kwa aliyetahiriwa vilevile. Na fangasi mara nyingi hawatoki kwa mume: huja baada ya antibiotiki, wakati wa ujauzito, au kwa mwenye kisukari.

Ikithibitika ni ugonjwa wa zinaa, mtibiwe wote wawili kwa wakati mmoja na msikutane mpaka dozi iishe. Mwanamke akimeza dawa peke yake anarudishiwa ugonjwa uleule wiki inayofuata, halafu anaambiwa ana "PID sugu", yaani maambukizi sugu ya kizazi na mirija, na kuuziwa dawa za miezi mitatu.

Mume ana govi. Linaweza kuwa ndilo linaloniumiza?

Govi lenye afya, linalorudi nyuma bila shida na kuoshwa kila siku, halimuumizi mtu. Tatizo huja govi likiwa limebana na halifunguki, likichanika wakati wa tendo, au chini yake kukiwa na uvimbe, harufu na uchafu. Hapo mume anahitaji matibabu, na daktari anaweza kupendekeza tohara kwa sababu hiyo.

Basi atahiriwe ili mimi niache kuumia?

Kama chanzo ni govi lenye ugonjwa, ndiyo, litasaidia. Kama chanzo kiko kwako, atapona kidonda chake na wewe utaendelea kuumia. Zipo sababu nyingine nzuri za tohara: majaribio matatu makubwa, Orange Farm ya Afrika Kusini, Kisumu na Rakai, yalionyesha kuwa inapunguza kwa takriban asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa VVU kutoka kwa mwanamke. Pia inapunguza virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi. Kondomu bado inahitajika. Lakini msimpeleke mume kisuni kama dawa ya ugonjwa wa mke ambao hakuna aliyeupima.

Naishi kanda ya ziwa, nimetibiwa magonjwa ya zinaa mara kadhaa, bado naumia na kutokwa damu kidogo. Vipimo vya zinaa havionyeshi kitu.

Uliza kuhusu kichocho cha via vya uzazi. Swali hili nalipa uzito kwa sababu ugonjwa huu umewavunjia wanawake wengi heshima zao kwa kosa ambalo hawakulifanya.

Wengi tunakijua kichocho kama mtoto kukojoa damu. Minyoo wake huingia kupitia ngozi mtu anapokanyaga maji yasiyo ya chumvi yenye konokono: mabwawa, madimbwi, mashamba ya mpunga, vijito. Aina inayoathiri njia ya mkojo ipo bara kwenye vijiji vya kanda ya ziwa, ipo pwani, ipo Unguja na Pemba, na kwa Kenya ipo maeneo kama Kwale na bonde la Tana. Mayai ya minyoo hayo hayaishii kwenye kibofu. Hunasa kwenye shingo ya kizazi na kuta za uke, mwili hupambana nayo, na mahali hapo panabaki mabaka yanayoonekana kama chembe za mchanga wa rangi ya njano, yenye vimishipa vinavyovuja damu kirahisi. Uume ukigusa hapo, mwanamke huumia na kutoa damu. Shirika la Afya Duniani limetaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 Afrika kusini mwa Sahara.

Dalili zake zinafanana mno na za zinaa: uchafu, muwasho, maumivu, damu baada ya tendo. Mhudumu asiyekifikiria huandika antibiotiki, hazisaidii, na mume huanza kuhoji mke anatoka na nani. Binti anaweza kuwa na ugonjwa huu hata kabla hajamjua mwanaume, kwa sababu aliupata utotoni akichota maji.

Kipimo cha mkojo kinaweza kuonyesha mayai, lakini mkojo ukiwa safi haimaanishi uke ni salama. Mhudumu anapaswa kuangalia shingo ya kizazi kwa macho. Dawa ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wa mwili na kumezwa baada ya kula. Inaua minyoo, ingawa makovu yaliyokwisha jengeka huweza kubaki, na ndiyo maana kutibiwa mapema ni bora. Ukifika kituoni sema maneno haya: "Nimekulia karibu na maji yenye kichocho, naomba niangaliwe kichocho cha kizazi." Hakuna aibu katika sentensi hiyo.

Mimi ndiye niliyekatwa nikiwa mtoto. Je, ndiyo sababu?

Inaweza kabisa kuwa sababu. Tohara ya mwanaume na ukeketaji wa mwanamke havifanani, ingawa wazee wengine huviita kwa jina moja. Ukeketaji huondoa kinembe na mara nyingi mashavu ya ndani ya uke, na kwa baadhi ya jamii mlango hushonwa ukaachwa upenyo mdogo. Kovu lake halivutiki, ute hupungua, na mshipa wa fahamu ulionasa kwenye kovu huuma kwa kuguswa tu. Takwimu za kitaifa za 2022 zilikuta asilimia 8 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 Tanzania wamekeketwa, na asilimia 15 Kenya. Mikoa kama Manyara, Mara, Dodoma na Singida inalijua jambo hili vizuri, na vivyo hivyo kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Samburu.

Dada, kuna msaada. Aliyeshonwa anaweza kufunguliwa kwa upasuaji mdogo hospitalini. Uvimbe wa kovu huweza kuondolewa. Kwa wengine, kilainishi, muda mrefu wa maandalizi na mume anayeelewa hutosha kuondoa sehemu kubwa ya maumivu. Mume, usijaribu kufungua kwa nguvu usiku wa harusi, wala usikubali shinikizo la ndugu wanaosubiri habari mlangoni.

Nilichanika nikijifungua. Ni kawaida kuuma?

Wiki za mwanzo, ndiyo. Wengi hushauriwa kusubiri wiki sita na kuendelea pale tu mama anapojisikia tayari. Mshono wa msamba ukiendelea kuuma baada ya miezi mitatu, uangaliwe: huenda ulishonwa kwa kubana, au kuna kinyama kinachoota kwenye kovu.

Misuli ya uke inajikaza yenyewe, haiingii kitu.

Hiyo ni hali inayotambulika kitabibu, na mwanamke haifanyi kwa makusudi wala si jini mahaba. Misuli ya sakafu ya nyonga hubana kwa hofu, kwa kumbukumbu ya kuumizwa, au kwa ugonjwa uliokuwa unauma ukapona huku mwili bado unajihami. Tiba ni taratibu: kujifunza kupumua na kulegeza misuli, kuanza na kidole chake mwenyewe chenye kilainishi, na ushauri nasaha pale palipo na jeraha la kubakwa au kulazimishwa. Kulazimisha huongeza kukaza.

Je, uume mkubwa ndio tatizo?

Mara chache. Mwanamke aliyelowa na kutulia, uke wake hurefuka na kutanuka. Ukigongwa ndani, badilisheni mkao ili yeye awe juu na aamue kina.

Natoka damu baada ya tendo. Nisubiri?

Usisubiri. Damu ya baada ya tendo inaweza kuwa maambukizi, kichocho au kinyama kisicho na madhara, lakini pia ni dalili ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Uchunguzi wake wa kawaida ni rahisi: mhudumu hupaka siki maalumu kwenye shingo ya kizazi, husubiri kwa dakika moja hivi, kisha hutazama kama pamegeuka weupe. Mabadiliko ya awali hutibiwa kabla hayajawa saratani. Tohara ya mume hupunguza hatari hiyo, haiiondoi, kwa hiyo mke wa aliyetahiriwa naye apimwe.

Nenda hospitali siku hiyohiyo kama hedhi imekosekana na una maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzirai, kwani mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Vivyo hivyo ukiwa na homa pamoja na maumivu ya chini ya tumbo na uchafu wenye harufu.

Nikifika kituoni watanifanya nini?

Watakuuliza historia, watakupima mkojo, VVU na kaswende, na huenda wakakuomba ulale wakuangalie kwa spekulamu, kifaa kinachofungua uke taratibu. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike au mtu mwingine awepo chumbani, haki ya kuambiwa kila hatua kabla haijafanyika, na haki ya kusema "simama, naumia." Kama maumivu yako ni ya kujikaza, sema mapema ili watumie kifaa kidogo. Ikionekana inafaa, watakuelekeza kwenye ultrasaundi au kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Ukipewa dawa bila kuangaliwa na ukarudi mara ya pili na tatizo lilelile, omba uangaliwe.

Mume hataki kusikia. Nimwambieje?

Msiongelee kitandani jambo likiwa limeshindikana, maana hapo kila mmoja ameumia. Tafuta saa ya mchana. Mwambie unamhitaji na unaumia, na umwonyeshe ni wapi. Wanaume wengi wakiambiwa "sitaki" husikia wamekataliwa. Wakiambiwa "naumia hapa, nisindikize hospitali" huwa na kazi ya kufanya. Asiposikia, mtafute mtu anayemheshimu: mshenga, shangazi, muuguzi, kiongozi wa dini. Na akikulazimisha huku unalia, huo ni ukatili, utoe taarifa.

Nimetibiwa, vipimo viko sawa, lakini mwili bado unaogopa. Tuanzeje tena?

Kubalianeni muda ambao hamtaingiliana kabisa, hata kama ni wiki mbili au tatu, ila mtashikana, mtakandana na kulala pamoja. Hofu hupungua mwanamke akijua kwa hakika kwamba leo hakuna kitakachoingia. Baada ya hapo yeye ndiye aanze, yeye awe juu, kilainishi kiwepo karibu, na muwe na neno moja ambalo likitamkwa mume anasimama palepale bila kununa. Siku ya kwanza ikiishia mlangoni, si hasara.

Maumivu yakirudi mahali palepale, usihesabu kwamba ni woga. Rudi kituoni na kadi ileile, umweleze mhudumu panauma wapi, lini na kwa muda gani, kwa sababu huenda dawa ya kwanza haikulenga chanzo.